Siku Niliyomnawisha Kiongozi wa Kaunsili

Shule mimi niliipitia mlangoni tu. Darasa la nne nililianza, la tano silijui, maana baba alifariki na kapu la samaki likawa halina wa kulibeba. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akashtuka huko mbele akikuta mtu wa namna hii amekalia kiti cha udiwani ndani ya London, na bajeti ya eneo zima imesimama inamngoja ainue mkono. Ndivyo ilivyokuwa. Kiti hicho sikubebwa na mtu kukifikia, na sikukirithi.

Nauza samaki wakavu: dagaa, migebuka, kambare wa moshi, na mawese ya chupa. Meza yangu iko ndani ya ukumbi wa soko, kusini ya mto, ukumbi wa zamani wenye paa la vioo linalovuja. Nilipofika nchi hii nilifagia ofisi za watu, nikapanga foleni Croydon kwenye lile jengo la uhamiaji mpaka walinzi wakawa wananisalimia kama mfanyakazi mwenzao. Makaratasi yalipotoka nilikwenda moja kwa moja kukodi meza. Wanangu wawili wamekua kwa meza hiyo. Mkubwa, wa kiume, yuko Melbourne, anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa. Mdogo, binti, alizaliwa hapahapa; Kiswahili anakisikia chote, na chote ananijibu kwa Kiingereza. Mama yao ametangulia.

Kaunsili, yaani baraza la madiwani wa eneo letu, ikatangaza inataka kuuza ukumbi, zijengwe ghorofa za kupangisha. Wakatuita tuonyeshwe michoro. Ilikuwa ya kupendeza: watu wanakunywa kahawa chini ya miti myembamba, mtoto ameshika puto. Nikauliza, "Mimi nipo wapi hapo?" Mchoraji akasema sisi tungetafutiwa mahali mbadala. Mahali mbadala penyewe tulikwenda kupaona: maegesho ya magari nyuma ya stesheni, upepo mtupu.

Madiwani wetu wa wakati ule walikuwa watu wa vyama, wakiambiwa inua wanainua. Ndipo mama wa vitambaa alipoleta shauri. Huyu ni Mkenya wa Busia, meza yake ya vitenge inatazamana na yangu, na tumegombana kuhusu harufu ya samaki tangu siku ya kwanza.

"Mzee," akaniambia mbele ya wateja, "wewe uko na mdomo mbaya na huogopi mtu. Si uende ukasumbue hao kaunsili, sisi tupumzike?"

Watu wakacheka, lakini shauri likashika. Nikagombea bila chama. Binti alitaka nipigwe picha nimevaa suti. Nikakataa, nikapigwa nimevaa aproni yangu, kofia ya kiua kichwani, na kisu cha samaki mkononi. Kisu wakakifuta kwenye kompyuta. Picha ile ikabandikwa madirishani mtaa mzima, watu wakaiangalia wakasema huyu ni wa kwetu, wakanichagua. Kwa hiyo mimi sidharau picha. Picha ndiyo iliyonifungulia mlango.

Kura zilipohesabiwa, chama kilichokuwa kinatawala kilikuwa kimepungukiwa kiti kimoja tu kupita nusu. Kiti kile ndicho changu. Wakaendelea kutawala hivyohivyo, pungufu, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Bila mkono wangu bajeti yao haipiti. Na bajeti isipopita kiongozi wao anaanguka, chama cha pili kinashika usukani. Chama hicho cha pili, nacho kilikuwa kimesema wazi: ukumbi tutauuza, na haraka.

Mwanangu wa Melbourne alikuwa akinipigia asubuhi, nikiwa napanga samaki, kwake ikiwa jioni. Huko Australia mambo haya wameyazoea. Wabunge wasio na chama wamekuwa wengi, na serikali zisizopita nusu ya viti zimeshakaa zikaongoza. Akanieleza kama ananifundisha kuendesha gari.

"Baba, mbunge huru huku hasemi 'mimi ni wako.' Anasema, 'Sitakuangusha, na fedha za kuendesha serikali nitakupitishia. Mengine yote, njoo uniombe, moja moja.'"

"Hiyo naipenda," nikamwambia. "Ndivyo ninavyouza samaki. Kumkopesha mtu leo si kumwoa."

"Lakini angalia, baba. Mbunge huru hamalizwi na wapinzani. Anamalizwa na picha. Akionekana mara moja anacheka na mkubwa, basi, watu wa jimboni wanasema ameshanunuliwa."

Nikamwambia mimi sicheki na watu ovyo.

Kiongozi wa kaunsili alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mrefu, anaendesha baiskeli hata mvua ikinyesha. Alinifuata mara ya kwanza kwenye korido, akaniuliza nataka nini. Nikasema uuzaji wa ukumbi utoke kwenye bajeti. Akasema atalitazama. Mara ya pili akasema wanalitazama. Kiingereza changu ni cha sokoni, kinatosha kuuza na kugomba, na neno hilo la kutazama nimelisikia Croydon miaka mingi. Mara ya tatu nikamwambia, "Jumapili njoo kwangu ule."

Akasema ana shughuli nyingi. Nikamwambia mimi pia.

Hapa lazima nieleze. Kwetu Ujiji, nyumbani kwa baba, jambo zito halizungumzwi na mgeni kabla hajala. Na mgeni anayekuja mara ya kwanza ananawishwa na mwenye nyumba mwenyewe, si mtoto, si mke. Baba alimnawisha hata mtoza kodi. Alishika birika, akamimina polepole, akampa taulo, akamlisha akashiba, kisha akamwambia usoni kwamba kodi ile si halali na hailipi. Nilikuwa mdogo, niliona. Maji yale si utumwa. Maji yale yanasema: hapa ni kwangu, na umeingia kwangu, sasa sema kweli.

Basi Jumapili mchana akaja, peke yake, kofia ya baiskeli mkononi, kwenye fleti yangu ghorofa ya nne, lifti ikiwa mbovu kama kawaida. Nilikuwa nimepika ugali na migebuka ya mawese. Nikaleta birika na beseni. Hakujua afanye nini. Akanyoosha mikono kama mtu anayekamatwa na polisi. Nikamwambia, "Sugua." Akasugua. Nikainama kidogo, maana beseni lilikuwa juu ya kigoda, nikamimina mpaka nikaona inatosha.

Binti yangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na simu. Sikumwona.

Tulikula kwanza. Alikula vizuri, mifupa akaitoa kwa vidole. Kisha nikamwambia, "Sasa sema."

"Nikiutoa ukumbi kwenye bajeti hadharani leo," akasema, "wapo watu ndani ya chama changu wanaoitaka sana biashara ile. Watahamia upande wa pili kabla ya kura ya Jumatano. Nitaanguka, na ukumbi utauzwa vilevile."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitautoa pale pale kikaoni, dakika ya mwisho, wakati hawana tena nafasi ya kupanga kitu. Wakikataa wataangusha chama chao wenyewe mbele ya watu. Hawatathubutu. Lakini likivuja, limekufa."

Nikamtazama sana. Hakukwepesha macho.

"Unaniambia ninyamaze," nikasema.

"Nakuomba. Mpaka Jumatano. Hata watu wako wa soko wasijue."

Nikafikiri. Soko ni mahali ambapo hata kikohozi kinasambaa. Nikasema sawa. Nilisema sawa na harufu ya samaki wangu bado iko kwenye vidole vyake, na kwangu neno la namna hiyo halirudi.

Jumatatu nilifika ukumbini nikakuta kimya. Nikasalimia, salamu ikajibiwa na wawili. Muuza nyama, ambaye kila siku hunisaidia kuvuta toroli, akageuka akaanza kunoa kisu kilichokwisha nolewa. Ndipo mama wa vitambaa akavuka njia, akanipa simu yake nitazame.

Nilikuwa mimi. Kofia yangu ya kiua, mgongo umeinama, birika mkononi, na yule mwanamke ameketi kwenye kiti changu kizuri, amenyoosha mikono kama malkia. Uso wangu ulikuwa unatabasamu. Nilitabasamu kwa sababu alikuwa anasugua kama mtoto wa chekechea, lakini picha haielezi sababu.

Binti yangu alikuwa ameituma kwenye kikundi cha familia, kwa mapenzi, kumwonyesha kaka yake kwamba baba anaheshimu wageni. Shangazi yao wa Tottenham akaipenda, akaipeleka kwenye kikundi cha wanawake wa kanisani kwa rafiki zake, na humo ndani alikuwamo mama wa vitambaa. Hakuna aliyekusudia ubaya.

"Ni wewe ama si wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Kwetu Busia anayenawisha watu ni mtoto, ama bibi arusi mgeni. Mzee hanawishi mtu. Wewe umekuwa bibi arusi wa kaunsili?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya.

"Kwetu mwenye nyumba ananawisha," nikasema.

"Haya. Na baada ya kunawa mliongea nini?"

Hapo ndipo nilipobanwa. Jibu lilikuwa mdomoni. Lingenisafisha mara moja, na lingeua ukumbi mara moja.

"Tulikula," nikasema.

"Mlikula." Akawageukia wengine. "Mmesikia? Walikula. Mzee, sema tu. Umetuuza ama hujatuuza?"

"Jumatano mtaona."

"Jumatano! Hata nyumba ikishika moto huyu atakwambia ngoja Jumatano."

Akarudi kwenye vitenge vyake. Siku nzima aliuza akiwa amenipa mgongo, na mgongo wa mama yule ni mpana.

Jumanne kukawa na kikaratasi. Chama cha pili walikuwa wameipata picha, wakaichapa, wakaisambaza kwenye kila mlango wa mtaa wangu, na chini wameandika: huru, au mtumishi? Niliwakuta watoto kwenye ngazi za fleti wamebandika kimoja kwenye mlango wa lifti. Sikukibandua. Kubandua ni kukiri.

Binti akaja jioni kutoka kazini, macho mekundu. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba kosa ni lake, kwamba tuseme picha ni ya zamani, au tuseme mgeni alikuwa mtu mwingine.

"Picha ni ya Jumapili na mgeni ni yeye," nikamwambia. "Na mimi ni mimi."

"Basi kesho piga hapana, Dad. Ukipiga hapana, wote watajua hukununuliwa."

Kaka yake alikuwa kwenye simu, amewekwa juu ya meza, uso wake umejaza kioo. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Akasema, "Baba, dada anasema kweli. Ukipiga ndiyo baada ya picha ile, umekwisha. Huku wangemshauri mtu hivyohivyo. Jitenge naye. Hadharani, haraka."

"Na ukumbi?"

Wakaangaliana kupitia kioo cha simu.

Hawakujua nilichoahidiwa, sikuwaambia hata wao. Nilimwangalia binti yangu nikaona kitu ambacho sikukipenda: alikuwa ananionea huruma. Nimedharauliwa na mabosi, na wenye nyumba, na makarani wa Croydon, nikawavumilia wote, lakini huruma ya mwanangu sikuiweza. Na nilikuwa na hofu pia, nalisema wazi. Nilimwamini mwanamke yule kwa sababu alikula samaki wangu bila kukwepesha macho. Je, kama kwao kutazamana si kitu? Kama kula kwao ni kula tu?

Jumatano jioni nikavaa aproni. Ndiyo, ndani ya baraza, juu ya shati. Mlinzi aliniangalia, akanipisha. Viti vya wananchi juu vilikuwa vimejaa watu wa soko, na wengi wameshika kile kikaratasi. Mama wa vitambaa alikaa mbele kabisa, amejifunga kitenge cha njano ili nimwone.

Kiongozi akasimama akaanza kueleza bajeti. Barabara. Takataka. Nyumba za wazee. Nikasubiri. Maktaba. Taa za mitaani. Akanywa maji. Bustani. Akafunga faili, akakaa.

Ukumbi hakuutaja.

Nikamtazama, alikuwa anaangalia meza. Juu kwenye viti vya wananchi mtu mmoja akapiga mluzi.

Kiongozi wa chama cha pili akasimama, bwana mmoja mwenye tai nyembamba na sauti ya redio. Akaongea maneno mengi, kisha akanigeukia. "Na labda," akasema, "diwani wetu huru angetuzungushia birika, kama amemaliza upande ule."

Wakacheka pande zote mbili. Hata juu walicheka. Nikasimama bila kuomba ruhusa.

"Wewe pia njoo nyumbani nitakunawisha," nikamwambia. "Lakini uje na njaa. Usije umeshiba maneno."

Kicheko kikageuka. Mwenyekiti akagonga meza, akaniambia nikae, nikakaa.

Mwenyekiti akauliza kama kuna marekebisho kabla ya kura. Hakuna aliyeinua mkono. Nikahesabu moyoni kile nitakachofanya: mwanamke huyu asiposimama, napiga hapana, na ukumbi uende na sisi sote tuende. Mwenyekiti akainua nyundo yake.

Mwanamke yule akasimama. Alisimama polepole kama mtu mwenye maumivu ya goti, akasema ana rekebisho moja, la kwake mwenyewe: uuzaji wa ukumbi wa soko uondolewe.

Nyuma yake watu wawili watatu wa chama chake waligeuka rangi. Mmoja alimvuta mkono, naye akautoa mkono wake bila kumtazama. Wakanong'onezana, wakatazama kule juu ambako watu wote wa soko walikuwa wamesimama, wakatazama upande wa pili ambako bwana wa tai alikuwa anawangoja. Hawakuwa na pa kwenda. Ikaitwa kura. Mikono ya chama chake ikapanda mmoja mmoja, mingine imekunjwa kiwiko kama inauma. Nikaingoja yote ipande. Kisha nikainua wangu, juu kabisa.

Ikapita.

Mtu angedhani asubuhi yake nilipokewa kwa ngoma. Nilifika nikawakuta wanapongezana wao kwa wao. Walikuwa wamekubaliana tayari kwamba ni kelele zao zilizonirudisha njiani, na vile vikaratasi walivyovipunga. Muuza nyama akanivutia toroli tena, akaniambia, "Mzee, tulikushika vizuri." Nikamwambia asante.

Mama wa vitambaa alingoja mpaka watu wapungue. Akaja akaegemea meza yangu, kitu ambacho huwa hakifanyi kwa ajili ya harufu.

"Hiyo Jumatatu ulikuwa unajua?"

"Nilijua alichoniambia."

"Na ukanyamaza nikikutukana hivyo."

"Nilikuwa nimesema nitanyamaza."

"Na kama angekudanganya?"

"Ningekuwa mzee mjinga aliyenawisha mwongo."

"Mimi bado nasema mzee hanawishi," akasema, akarudi kwake.

Mvua za vuli zilipoanza paa likavuja kama kawaida, tukaweka ndoo. Bajeti ilikuwa imepita, mengine ni moja moja: nikamfuata kiongozi kuhusu paa. Akasema atalitazama. Nikamwambia, "Njoo ule."

Akacheka. "Baada ya yale yote? Nyumbani kwako tena?"

"Hapana. Ukumbini, mchana, Jumamosi, watu wakiwapo. Na mwenye simu alete simu."

Binti yangu alinisihi nisifanye. Mwanangu wa Melbourne akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Baba, wewe hushauriki." Nikasema ni kweli.

Jumamosi ile nilitandika meza katikati ya njia, kati ya samaki wangu na vitenge. Kiongozi akaja na baiskeli yake, akaketi, akanyoosha mikono, safari hii anajua. Watu wakazunguka. Simu zikainuliwa. Nikashika birika, nikainama kama nilivyoinama siku ile, nisiifiche hata nusu ya mgongo wangu, nikaanza kumimina.

Nikageuka kutafuta taulo. Mama wa vitambaa alikuwa amesimama nyuma yangu amelishika, uso umenuna.

"Mimina pole pole, mzee," akasema. "Unanilowesha vitenge."